Paka Anayekupenda Anapokuuma

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, daktari wa mifugo mstaafu, siku ya mkutano wa mwaka)



Nilipopata barua ya Katibu ya kunitaka niseme machache, nilidhani nitatakiwa kuzungumzia ng'ombe wa maziwa, maana hiyo ndiyo kazi iliyoniotesha mvi. Katibu akanijibu, "La, chagua mwenyewe, ila usituchoshe." Basi nimechagua paka. Naona baadhi yenu mmeanza kucheka. Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nikicheka, mpaka siku nilipoumwa.

Swali langu ni hili. Paka aliyelelewa nyumbani, anayekuja mwenyewe mapajani na kukoroma kwa raha, kwa nini ghafla hugeuka na kuung'ata mkono ule ule unaompapasa? Watu wengi wana jibu moja: "Paka hana shukrani." Nataka kueleza leo kwamba jibu hilo si kweli. Gharama ya kuliamini nimeilipa mwenyewe. Kitazameni kidole changu hiki cha shahada. Tangu mwaka 1976 hakikunjiki.

Wazee wenzangu mtamkumbuka Karani. Vijana, huyo hakuwa mtu. Alikuwa paka dume wa kijivu aliyekaa katika stoo ya chakula, nyuma ya jiko. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi alilala juu ya daftari la kupokelea magunia, na mzee mtunza stoo hakuweza kuandika mpaka ambembeleze ahame. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Jioni nilikwenda kusoma kwenye ngazi za stoo kwa sababu palikuwa na taa, na Karani akaja kulala mapajani mwangu. Hayo yaliendelea muhula mzima. Nilijiona rafiki yake mkubwa kuliko wote.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti nilikuwa nasoma huku mkono wa kulia ukimpapasa kichwa na mashavu, bila mimi kufikiri. Mara akageuka, akanishika kwa miguu ya mbele, akazamisha meno katika kidole hiki. Kisha akaruka chini na kuingia gizani.

Niliumia kidole, lakini niliumia zaidi moyoni. Nilirudi bwenini nikawasimulia wenzangu, na mnajua mahakama ya bweni ilivyo. Mshtakiwa hayupo, shahidi ni mmoja, na hukumu hutoka kabla ya kengele ya kulala. Paka akaamuliwa kufukuzwa. Kesho yake alfajiri lilikuja lori la kuni. Tulimnasa Karani kwa kipande cha dagaa, tukamtia ndani ya gunia, na mimi ndiye niliyeshika mdomo wa gunia wakati mwenzangu akifunga kamba. Lori likaondoka naye. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, lakini sisi tulimwinga.

Siku ile ile mkono ulianza kuvimba. Kufika adhuhuri uvimbe ulikuwa umepita kifundo cha mkono. Nilikwenda zahanati ya shule, na bwana mganga akaniuliza nimefanya nini. Ningesema paka, angeuliza paka yuko wapi. Basi nikasema nimechomwa na mwiba. Nikapakwa dawa ya mwiba.

Siku ya tatu nilikuwa na homa kali, nikapelekwa hospitali ya mjini. Daktari alitazama vile vitundu viwili, akanitazama usoni, akasema, "Kijana, mwiba hauna meno mawili." Nikasema kweli. Akauliza swali lile nililoliogopa: "Paka huyo yuko wapi, tumwangalie?" Nikajibu kwamba hayupo. Nyakati zile, mtu aliyeumwa na mnyama asiyeweza kupatikana alichomwa sindano za kichaa cha mbwa, na sindano za siku zile zilikuwa za tumboni, kila siku moja. Nilichomwa 14. Kidole nacho kilipasuliwa kutolewa usaha, na kano yake ikaharibika.

Niliporudi shuleni, panya walikwisha kufanya sherehe stoo. Maharage yote ilibidi yachambuliwe kwa mkono, na tuliyachambua sisi wenyewe. Nilikwenda kumwomba radhi mzee wa stoo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Sikugombezwa. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulipokuwa unampapasa, mkia wake ulikuwa unafanya nini?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa naye mapajani kwa muda wa nusu saa, na sikuutazama mkia wake hata mara moja.

Mzee akaendelea: "Siku tatu hizo alikuwa akitafuna upande mmoja. Kulikuwa na jino bovu. Nilikuwa nangoja Jumamosi nimwite bwana mifugo."

Ndugu zangu, swali lile la mkia ndilo lililonipeleka Morogoro mwaka 1983, wakati chuo kilikuwa bado ni kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Huko na kazini baadaye nilijifunza majibu, nami nitayaeleza kwa ufupi.

Kwanza, tujue paka ni nani. Paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati; utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha nasaba hiyo. Ndugu zake wa porini wanaishi hata hapa kwetu, Serengeti na kwingineko. Binadamu alipoanza kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka akawafuata panya. Kwa hiyo kazi ya Karani katika stoo ndiyo kazi ya kwanza ya paka kwa binadamu. Katika kisiwa cha Saiprasi wachimbuaji walikuta mtu na paka wamezikwa karibu karibu tangu miaka ipatayo 9,500 iliyopita.

Lakini paka pori huwinda peke yake. Mbwa ametokana na mbwa mwitu waishio kwa makundi, nao wana njia nyingi za kunyenyekeana na kusuluhishana. Paka hana hazina kubwa ya adabu hizo. Paka wawili wanaopendana husuguana vichwa, hulambana kichwani na shingoni kwa kitambo, halafu huachana. Hakuna paka anayempapasa mwenziwe kutoka kichwa hadi mkia kwa nusu saa. Hayo ni mapenzi ya kibinadamu. Paka huyavumilia kwa sababu anatupenda, ila uvumilivu una kipimo.

Hapo ndipo tunapata sababu ya kwanza ya kuumwa: paka ametosheka, na mkono haujatosheka. Mpapaso ule uliompendeza dakika ya kwanza humkera dakika ya tano. Tena mahali ni muhimu. Wengi hupenda mashavu, chini ya kidevu na kando ya masikio. Wengi hawapendi kuguswa tumboni wala kwenye shina la mkia. Paka akilala chali mbele yako anakuonyesha kwamba hana hofu nawe. Hajakupa ruhusa ya kulishika tumbo.

Sababu ya pili ni mchezo. Mtoto wa paka hujifunza kiasi cha kuuma kutoka kwa ndugu zake. Akimng'ata ndugu kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo huvunjika. Aliyeondolewa kwa mama yake kabla ya majuma 8 mara nyingi hakumaliza darasa hilo. Nasi huongeza kosa tunapomchezesha kwa vidole, tukiona vijino vyake vinachekesha. Akikua, huendelea na mchezo ule ule tuliomfundisha, ila kwa meno makubwa. Mchezesheni kwa kamba au kitambaa, mkono ubaki kuwa kitu cha kulishia na kupapasia.

Sababu ya tatu ni hasira isiyokuhusu. Mama mmoja aliniletea paka wake akitaka auawe, kwa kuwa alimrukia na kumng'ata mguu bila sababu. Nilimuuliza paka alikuwa wapi wakati huo. Alikuwa dirishani. Nje kulikuwa na nini? Akafikiri, akasema, "Kulikuwa na dume la jirani ukutani." Basi paka wake alikuwa amewaka kwa vita asiyoweza kuifikia, na mguu wa mama ukapita karibu. Paka katika hali hiyo hapapaswi wala habebwi. Huachwa katika chumba chenye utulivu mpaka apoe, na huenda ikachukua saa nyingi. Paka yule hakuuawa, na mama alitundika pazia.

Sababu ya nne ndiyo ya Karani: maumivu. Paka hufahamu sana kuficha ugonjwa. Jino bovu, sikio lenye usaha, kiungo kinachouma kwa uzee, haya yote hufichika mpaka mkono wako unapogusa penyewe. Msidanganyike kwa kukoroma pia. Paka hukoroma kwa raha, lakini hata mwenye maumivu huweza kukoroma. Kwa hiyo paka mpole wa miaka mingi akianza kuuma ghafla, kabla ya kumhukumu mfungueni mdomo, au mtafuteni anayejua kuufungua.

Iko na ya tano, ile ya kung'ata kidogo bila kuacha alama, huku mwili umelegea. Hiyo ni kama utani wa ndugu. Paka waliozoeana hulambana na kung'atana hivyo. Ukiuchukia utani huo, tulia, ondoa mkono polepole, mchezo uishe.

Sasa nije kwenye mkia. Katika sababu zote hizo, isipokuwa mara chache sana, paka husema kabla ya kuuma. Ncha ya mkia huanza kutikisika. Kisha mkia mzima hupigapiga sakafu. Ngozi ya mgongoni hucheza kama maji yaliyotupiwa kokoto. Masikio huelekea pembeni na kulala nyuma. Mboni za macho hupanuka, kukoroma hukatika, mwili hukakamaa, na kichwa hugeuka kuutazama mkono. Hayo ni maneno kamili. Tatizo letu ni kwamba tumejifunza lugha ya mbwa na kudhani ni ya wanyama wote. Mbwa akitikisa mkia tunasema amefurahi, na mara nyingi ni kweli. Paka akipigapiga mkia amekereka. Akiuma, jino ni neno la mwisho katika sentensi ndefu ambayo hatukuisoma.

Tena msimpige. Paka hafahamu kwamba kofi la sasa ni malipo ya jino la dakika iliyopita. Anachojifunza ni kuwa mkono ni adui, na siku nyingine hatangoja kuonya.

Nini basi cha kufanya? Mzee wa stoo alikuwa na desturi ambayo wakati ule tuliiona ya kuchekesha. Kabla ya kumgusa Karani, aliteremsha kidole mbele ya pua yake na kungoja. Paka akikinusa na kukisugua kwa shavu, mzee alimpapasa kidogo, kisha akasimamisha mkono. Karani akisukuma kichwa tena, mzee aliendelea. Akinyamaza, mzee alirudi kwenye daftari lake. Baadaye sana nilisoma kwamba Dennis Turner na wenzake, huko Zurich, Uswisi, walipochunguza paka na wenye nyumba, waliona kuwa mazungumzo yanayoanzwa na paka hudumu zaidi kuliko yanayoanzwa na mtu. Mzee wetu hakufika Zurich, ila jambo hilo alilijua.

Ndugu Mwenyekiti, nakuona unatazama saa. Nimebakiza jambo moja, nalo ni la vijana hasa, maana linahusu uhai.

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Mbwa hupasua jeraha wazi. Paka hutoboa ndani, kisha ngozi hujifunga juu na kuacha vijidudu chini. Mojawapo ya bakteria wanaokaa katika vinywa vya paka huitwa Pasteurella, jina lililotokana na Louis Pasteur, Mfaransa yule yule ambaye mwaka 1885 alimpa mtoto Joseph Meister chanjo ya kichaa cha mbwa. Bakteria hao ndio huvimbisha mkono katika saa chache, kama ulivyovimba wangu. Jeraha la paka katika vidole au kwenye kiungo si jambo la kungojea kesho.

Na kichaa cha mbwa, pamoja na jina lake, paka pia hukipata na hukiambukiza, ingawa sehemu kubwa ya vifo vya watu hutokana na mbwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi mno wakiwa wa Afrika na Asia. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, karibu kila mtu huweza kuokolewa. Kwa hiyo ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15. Usipake majivu wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme ni mnyama gani na alikuwaje. Siku hizi chanjo huchomwa mkononi, na dozi zake ni chache. Hakuna tena zile za tumboni. Mwulize daktari na habari ya pepopunda. Mnyama mwenyewe, kama anaweza kuzuiwa bila hatari, afungiwe na kutazamwa siku 10, wakati wewe umekwisha kuanza matibabu. Asiuawe ovyo, asitupwe mbali. Mimi nilimtupa shahidi wangu katika lori la kuni, na tumbo langu likalipa.

Zaidi ya yote, msifiche. Kidole changu hakikuharibiwa na Karani. Aliyekiharibu ni kijana aliyeogopa kusema neno "paka" mbele ya bwana mganga. Nawaomba walimu pia: mwanafunzi anayekuja na jeraha atibiwe kwanza, maswali ya adabu yafuate nyuma. Tukimfanya aogope, tutapewa hadithi ya mwiba.

Karani hakuonekana tena. Kila likizo nikipita mjini nilikuwa nikitazama penye maduka ya nafaka, nisimwone. Niliwatibu paka wengi baadaye, na kila nilipofungua mdomo wa paka mkali nikaona jino bovu, nilimkumbuka.

Leo asubuhi, kabla ya kikao, nilipita nyuma ya jiko. Stoo ni mpya, ina bati jipya na taa nzuri. Penye ngazi alikuwa amelala paka wa madoa, simjui jina. Niliinama kwa shida, maana magoti nayo ni ya mwaka ule ule wa kidole, nikateremsha mkono nikangoja. Akanusa, akasugua shavu kwenye kidole hiki kisichokunjika. Nikampapasa kidogo. Ncha ya mkia ikaanza kutikisika. Nikauondoa mkono, naye akaendelea kulala.